Likizo Iliyosogezwa kwa Ajili ya Kulala

Mtaani kwao walimwita Pangaboi, kwa sababu alizunguka kutwa nzima na hakufika popote. Jina halikumuudhi. Angeudhika vipi, na hakuwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kulisikia likiitwa mara mbili?

Kwa miaka mingi alikuwa msoma mita za maji. Ni kazi ya kuingia uani kwa mtu, kufukuzwa na mbwa, kuinama, kusoma namba, kutukanwa na mwenye nyumba kwa sababu ya namba hiyo, kutoka, na kuingia ua wa pili. Pangaboi aliipenda kiasi kwamba hata siku zake za mapumziko alipita kuchungulia mita za majirani bila kutumwa. Kisha shirika likaleta mita zinazojisoma zenyewe. Wasomaji wakaitwa ukumbini, wakapigiwa makofi, wakapewa soda na saa za ukutani, nadhani ili wakae nyumbani waangalie vizuri jinsi muda unavyokwenda bila wao.

Akarudi na saa yake kwapani, na hapo ndipo mateso ya mkewe yalipoanza.

Mkewe ni msusi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Msusi. Husimama kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kusimama ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni masikio. Mwanamke akishakalishwa kitini na kichwa chake kikashikwa, mdomo unafunguka wenyewe. Ndoa zote za mji ule zimepita katika saluni ile, tena zikiwa mbichi. Jioni Msusi anarudi nyumbani miguu imevimba hadi vifundo havionekani, kichwani amebeba waume wa watu wasiokuwa wake, na anataka vitu viwili tu: kiti na kimya. Miezi ile alichokikuta ni mume juu ya ngazi.

Pangaboi alipaka choo rangi. Kisha akakipaka tena, kwa sababu ile rangi ya kwanza, alisema, ilikuwa inamtazama. Aling'oa milango akaipiga randa mpaka ikawa haigusi fremu, na kuanzia hapo siri za chumbani zikawa za sebuleni. Vyombo vya jikoni alivipanga kwa urefu, vijiko vya chai vikawa havipatikani bila msako. Kitanda alikigeuza kila upande unaowezekana katika chumba chenye pembe nne, kisha akaanza upya.

"Leo tunalala tumeelekea wapi?" Msusi alikuwa akiuliza mlangoni, kabla hajavua viatu.

Basi Msusi akaamua kwenda ziwani. Kuna hoteli huko, si ya fahari, ya ghorofa moja, yenye viti vya mbao vilivyopangwa kuelekea majini. Picha ya viti hivyo aliiweka kwenye simu yake, na mteja akizidisha hadithi ya mumewe, yeye aliitazama kidogo kisha akaendelea kusuka. Alilipia kidogo kidogo, mwaka mzima na zaidi, mpaka malipo yakaisha. Alilipia watu wawili. Kwanza, kwa sababu vyumba vya ofa viliuzwa kwa watu wawili. Pili, kwa sababu pamoja na yote alimpenda yule mtu wa kwenye ngazi, na alikuwa na tumaini dogo, la kijinga kidogo, kwamba maji mengi yakikaa mbele yake huenda naye akakaa.

Kila kitu kilikuwa tayari. Wangeondoka Jumatatu. Jumatano ya wiki iliyotangulia, Pangaboi akapata kazi.

Aliipata kwa mtindo wake. Alisikia kwa msoma mita mwenzake kwamba kiwanda cha magodoro kinatafuta mtu, akatoka mbio kabla mwenzake hajamaliza sentensi, na akafika mbele ya msimamizi bila kujua ni mtu wa kufanya nini. Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sura, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bibi Sponji, kwa sababu ukimbonyeza anarudi vile vile alivyokuwa. Alimuuliza swali moja: Unalala vizuri?

Pangaboi akaona huo ni mtego wa afya. Akasema ana usingizi wa pono. Akasema nyumbani huwa wanamwamsha kwa maji.

Bibi Sponji akamwonyesha godoro lililokuwa pale ofisini na kumwambia alale. Akalala. Kabla mama hajamaliza kufuta miwani, Pangaboi alikuwa amekwisha lala chali, ubavu, tumbo, ubavu wa pili, amepiga ngumi mto, amevuta soksi, na amekaa kuuliza kama dirisha linaweza kufungwa. Alipoinua macho alijua amejichongea. Lakini yule mama alikuwa anamtazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Ndivyo alivyoajiriwa kuwa mjaribu magodoro. Kazi kuanza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio, na katika miezi hiyo hakuna ruhusa labda ufe, na ukifa ulete taarifa mapema.

Msusi alikuwa anakunja nguo za safari pale kitandani, kitanda kikiwa kimeelekea dirishani. Alipoelezwa, aliacha kukunja.

"Ngoja nielewe. Unaahirisha mapumziko ili ukalale."

"Ni kulala kwa kazi, mke wangu."

"Na mimi niendelee kusimama."

Pangaboi akaanza kuzikunja yeye zile nguo, na akazikunja vibaya. Msusi akazichukua akazikunja upya. Ukweli ni kwamba naye alikuwa amechoka kuwa na mume nyumbani, na kazi ni kazi, hata kama ukimweleza mtu inabidi umshike bega kwanza. Mwisho akamwambia asogeze tarehe. Mara moja tu. Akalisema hilo la mara moja kwa upole ule anaoutumia kumwambia mteja atulize kichwa, na wateja wake wanajua kinachofuata usipotuliza.

Pangaboi akapiga simu hotelini. Mapokezi kulikuwa na dada mwenye sauti laini kama mafuta ya watoto, ambaye alimwambia kwamba pesa hairudi, ila tarehe inasogezwa mara moja bila tatizo, na kwamba ofa yenyewe inakufa kabla ya miezi mitatu kwisha kwa sababu baada ya hapo ni msimu wa harusi na vyumba vyote vimeshikwa. Pangaboi akachagua Alhamisi moja katikati ya mwezi wa pili wa ajira yake, yenye sikukuu karibu yake. Alijiambia kwamba hadi hapo atakuwa ameshajipendekeza vya kutosha kuomba siku tatu. Akamwambia mkewe tarehe mpya. Msusi akarudisha nguo kabatini, na ile picha ya viti akairudisha kazini.

Chumba cha kulalia, ndivyo kiwandani wanavyokiita, kilikuwa kirefu, chenye mapazia mazito, magodoro yamelazwa safu mbili kama wodi. Unavua viatu mlangoni. Unalala chali, kisha kwa ubavu, kisha ubavu wa pili, muda uliopangwa kila upande, halafu unamwambia karani wa kiwanda mgongo wako unasemaje. Hakuna maongezi. Hakuna simu. Kwa mtu wa kawaida ni peponi. Kwa Pangaboi ilikuwa kama kufungwa kwa kosa la kuwa na miguu.

Safu ya pili ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwapo tangu kiwanda kinafunguliwa, jina la utani Marehemu. Alilala chali, mikono kifuani, pua juu, na hakutikisika mpaka kengele. Inasemekana mfagizi mgeni aliwahi kumfunika uso kwa shuka na kwenda kutafuta wakubwa. Marehemu ndiye aliyekuwa tatizo la kiwanda, ingawa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Yeye alilala popote. Alilala kwenye godoro bovu, kwenye maboksi, kwenye benchi la kungojea mshahara. Kila godoro alilipitisha. Wanunuzi nao wakawa wanayarudisha magodoro getini, wakiyavuta kwa nyuma kama mizoga, wakilalamika migongo.

Ndiyo maana Bibi Sponji alikuwa ametafuta, mji mzima, mtu asiyeweza kupumzika.

Na Pangaboi hakumwangusha. Alilala kwenye godoro la kwanza akasema upande wa kushoto kuna mtu. Mafundi wakalipasua, wakakuta donge la gundi. La pili akasema linamnong'oneza, na kweli lilikuwa na kipande cha nailoni ndani kinacholia ukigeuka. La tatu akasema halina kosa lolote ila halimpendi, na hilo nalo wakaliweka pembeni, kwa tahadhari. Ndani ya mwezi mmoja watu wakapunguza kurudisha mizigo getini. Bibi Sponji akawa anapita chumba cha kulalia asubuhi kumwona tu anavyohangaika, na kutoka amefurahi.

Siku zikasogea kuelekea ile Alhamisi, na Pangaboi hakusema kitu. Kila siku alijiandaa kumwendea Bibi Sponji, kila siku akakuta miguu inampeleka kantini. Nyumbani Msusi alikuwa ameshatoa nguo kabatini tena. Wiki moja kabla, akapiga moyo konde, akagonga mlango wa ofisi.

Bibi Sponji alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza huko ziwani kuna nini. Pangaboi, kwa nia njema kabisa, akasema kuna kimya, na viti, na watu wanakwenda kupumzika. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Mtu wa kupumzika ninaye tayari," Bibi Sponji akasema, na kidole kikaelekea ukuta ambao nyuma yake Marehemu alikuwa kazini. "Wewe nakutaka hivyo hivyo ulivyo. Ukienda huko ukatulia, nitakuwa na Marehemu wawili."

Pangaboi akacheka. Mama hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba wana godoro jipya, la kuuzia mahospitali, linatoka mwezi ule. Kwamba godoro hilo litalaliwa na watu wenye maumivu, na anahitaji mgongo wenye hasira. Kwamba kuthibitishwa kazini ni baada ya godoro hilo. Likizo hakumkatalia, alisema tu kwamba kama anaona kupumzika kunamfaa zaidi, basi apumzike moja kwa moja. Kisha akamuuliza kama anataka chai.

Mwanamume mwingine angerudi nyumbani akamwambia mkewe. Kuna waume wa namna hiyo, nimesikia. Pangaboi alizunguka nyuma ya stoo, kati ya marobota ya sponji, akampigia simu dada wa sauti laini amsogezee tarehe tena. Mpango wake ulikuwa apate kwanza tarehe nzuri zaidi, kisha ampelekee mkewe habari zote mbili pamoja, mbaya ikiwa imefungwa ndani ya nzuri. Dada akasema mara ya pili si rahisi, lakini ataangalia. Jina lililoko kwenye chumba ni la nani? La mke wangu, Pangaboi akasema, akiwa tayari anapanga marobota kwa ukubwa. Dada akasema sawa.

Sasa, ni utaratibu wa hoteli ile kwamba chumba kinasogezwa na mwenye jina. Dada akampigia mwenye jina.

Msusi alikuwa na vidole vyote kumi kichwani mwa mteja. Simu ililia juu ya meza, akamwambia mteja mwingine amsaidie kuipokea na kuiweka sauti ya nje. Kwa hiyo saluni nzima, waliokuwa wanasukwa na waliokuwa wanangoja, walisikia ile sauti laini ikieleza kwamba baba ameomba likizo isogezwe tena, na je, mama anaafiki?

Wanasema tangu saluni ile ifunguliwe haijawahi kuwa kimya namna ile. Mwanamke mmoja aliyekuwa katikati ya kueleza ukatili wa mumewe alifunga mdomo, akijua kwamba leo hadithi yake haina soko. Msusi hakuinua macho. Alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akaufunga mwisho wake, ndipo akajibu kwamba tarehe ibaki pale pale, na akashukuru kwa adabu. Kisha akasema mwingine anayefuata akae.

Pangaboi alifika nyumbani jioni akakuta begi limesimama mlangoni, moja. Akaelewa, akaanza kueleza: mama wa kazini, godoro la wagonjwa, majaribio, msimu wa harusi. Alieleza huku akizunguka meza. Msusi alikuwa amekaa, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anamfuata kwa macho tu.

"Ungeniambia," akasema Pangaboi alipomaliza pumzi yake.

"Nikuambie mimi?"

"Yaani, ningekuambia. Nikishapanga."

"Ulikuwa unapanga na nani?" Msusi hakupandisha sauti. "Siku zangu. Ulikuwa unazipanga na nani?"

Pangaboi akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusimama bila kuelekea mahali. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba akiikosa kazi hii hajui nani atamchukua tena, mtu wa umri wake, aliyesomea mita. Na hilo lilikuwa kweli, na Msusi alilijua kuliko yeye. Akatoa miguu kwenye beseni akaifuta.

"Sijasema uache kazi. Wewe baki, ulale. Mimi nakwenda."

Alhamisi asubuhi akaondoka, na hakutaka kusindikizwa.

Mtu angedhani Pangaboi, akiachwa peke yake, angekuwa na uhuru wa kuhamisha ukuta akipenda. Jioni ile alishika kitanda, akakiinua upande mmoja, akakirudisha. Hapakuwa na mtu wa kuuliza wamelala wameelekea wapi. Alizunguka vyumba. Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe kuuliza kama amefika, akajibiwa neno moja, Nimefika, akalisoma neno hilo akiwa amekaa, akiwa amesimama, na akiwa jikoni.

Ijumaa alikwenda kazini kama nyuki aliyechokozwa. Godoro la kwanza la wagonjwa alilikataa kabla hajafika chini vizuri. La pili akasema linamlaumu. La tatu, la nne, yote akayakataa, mafundi wakapasua, wakatafuta, hawakukuta donge wala nailoni. Wakamletea yale yaliyokwisha pita wiki iliyotangulia, aliyoyapitisha yeye mwenyewe. Akayakataa. Kuna godoro moja pale wanaliita Mama, ndilo la mfano, ambalo mengine yote hupimwa kwalo, na hakuna aliyewahi kulisema vibaya. Wakamlaza juu ya Mama. Akakaa kimya kidogo, watu wakaanza kupata matumaini, kisha akasema, Hili ndilo baya kuliko yote. Ni pana mno.

Kazi ikasimama. Magodoro yakajaa chumba yakatoka kwenye korido, wapakiaji wakawa wanapita kwa ubavu. Bibi Sponji aliitwa. Alilala mwenyewe juu ya Mama ili athibitishe kwa mgongo wake, na ilibidi aitwe mara kadhaa ndipo akaamka. Akarekebisha kilemba akasema godoro halina tatizo lolote, na akamgeukia Pangaboi amweleze anataka nini.

Aliyejibu ni Marehemu. Hakukaa, hakufungua macho, midomo tu ilisogea, na karani mmoja aliruka.

"Mama, huyu hagombani na magodoro. Mkewe kasafiri."

Hapo Pangaboi akaitoa habari yote, kuanzia viti vya ziwani hadi simu ya nyuma ya stoo. Bibi Sponji aliisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa Mama, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu aliyebonyezwa na hakurudi haraka. Mwisho akaangalia korido, magodoro yale yote, akafanya hesabu yake. Alimwambia Pangaboi aende huko ziwani kesho asubuhi, Jumatatu awe amerudi.

"Lakini usipumzike sana," akamwonya.

Pangaboi alifika hotelini Jumamosi kabla ya saa sita, amekaa viti vinne tofauti ndani ya basi moja na kugombana na konda kwa ajili hiyo. Mapokezi akakutana na yule dada, ambaye ana kwa ana alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Akajitambulisha kuwa ni mgeni wa pili wa chumba cha Msusi, amechelewa kidogo. Dada akaangalia kompyuta, akamwangalia yeye, akamwomba radhi kwa namna ile ya watu wa hoteli, ambayo ukiisikia unajua huna chako. Mgeni wa pili hayupo tena. Mama alifika Alhamisi akauliza kama mtu mmoja amelipiwa na hakuja, kitanda chake na chakula chake vinakwenda wapi. Meneja akakuna kichwa, maana hakuna aliyewahi kuuliza. Wakaona si haki kumnyima. Wakambadilishia: badala ya watu wawili siku chache, mtu mmoja siku nyingi.

"Kwa hiyo siku zangu?" akauliza Pangaboi.

"Anazo mama," dada akasema.

Alimkuta kwenye kiti cha mwisho, karibu kabisa na maji. Msusi alimwona akija kwa mbali, na hakushangaa, kwa sababu mwendo ule anaujua hata gizani. Nywele zake mwenyewe zilikuwa hazijasukwa. Miguu ilikuwa imenyooshwa juu ya kiti cha pili, na Pangaboi, aliyekuja na maelezo marefu aliyoyafanyia mazoezi njiani, alisimama akiitazama. Vifundo vilikuwa vimerudi. Alikuwa amevisahau, vidogo, vya mviringo, kama vya msichana aliyemwoa. Ikamjia akilini kwamba ni siku mbili tu zimepita. Kwamba kumbe kazi yote ile ya kuvirudisha ilikuwa ni ya siku mbili, na yeye alikuwa akiisogeza.

Msusi akaondoa miguu kwenye kile kiti. Pangaboi akakaa.

Alipofungua mdomo, mkewe aliinua kidole, bila ukali. Akaufunga. Maji yalikuwa yanafanya kazi yao, kwenda na kurudi, na Pangaboi akayatazama kwa wivu. Goti lake likaanza kuchezacheza, akalishika kwa mikono miwili. Baada ya muda akajaribu tena, na safari hii aliachiwa.

"Nilikosea. Si kusogeza. Kutokuambia."

"Hilo ndilo," Msusi akasema, akiwa bado anatazama mbele.

Akamwambia anaweza kukaa naye hapo mpaka gari la jioni, ila asimweleze habari ya mtu yeyote. Wakakaa. Mhudumu akaleta chakula cha mtu mmoja, Msusi akala nusu, akakisogeza kilichobaki upande wa pili bila kusema ni cha nani. Pangaboi aliinuka mara kadhaa, akazunguka kiti, akakaa tena. Mkewe hakumkataza, aliangalia majini tu. Gari lilipopiga honi barabarani alimwomba jambo moja, ajue ni lini anarudi, akaambiwa Jumatano, aje ampokee stendi, na asije mapema.

Jumatatu aliyalalia magodoro ya wagonjwa, mengine akayapitisha, mengine akayakataa kwa sababu zinazoeleweka, na Bibi Sponji akapumua. Saa ya chai alimwendea ofisini, kabla ya kupanga lolote na mtu yeyote, akamwambia wazi kwamba Jumatano anahitaji siku nzima, mkewe anarudi. Kama ni kuachishwa, aachishwe. Mama akamtazama juu ya miwani.

"Atakuwa amepumzika sana?"

"Sana, mama."

"Basi usikae naye karibu mno hadi tumalize hili godoro," akasema, na kumruhusu.

Jumatano jioni gari la ziwani likaingia stendi, Msusi akateremka taratibu, amevaa viatu vyembamba vya kamba ambavyo havikuwahi kumwingia kazini. Pangaboi alikuwa pale mlangoni mwa gari, begi akalipokea hata kabla halijagusa chini. Msusi akamkagua kuanzia viatu vyenye vumbi hadi shati lililokauka jasho.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi," Pangaboi akasema.

Muuza magazeti wa pale stendi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amehamishiwa meza yake kivulini, juani, na kivulini tena na mtu huyo huyo, akageuza uso upande wa pili.